Kuna

Fomu ina maswali kumi, ukurasa mmoja, nyuma peupe.
Majibu ni manne: hapana, kidogo, sana, sana mno.
Sifuri hadi tatu. Jumla inaandikwa chini, kulia,
kwenye kisanduku chenye mstari mzito.

Mbuke ametoka Igombe kwa miguu hadi kwenye lami,
mtoto mgongoni, soksi mikononi mwa mtoto:
soksi za shule za kaka yake, zimeshonwa kwenye mikono ya gauni
ili kucha zisitoke usiku.
"Kalunde," anasema. "Miaka miwili na miezi minne."
Nyuma ya magoti ngozi imekuwa gome.
Shingoni, mbichi.

Swali la kwanza: wiki hii mtoto amejikuna kiasi gani?
Anacheka, si kwa furaha.
"Neno lake la kwanza, sista, halikuwa mama.
Lilikuwa kuna.
Nikawa namjibu, kuna nini? Kuna nani?
Nageuka kutazama mlangoni.
Kumbe mwenzangu ananiomba mkono."

Naandika tatu.

La pili, usingizi.
Anasema usiku nyumba yao inasikika
kama mtu anayepara sato gizani.
Baba alihamia kwa mdogo wake, akarudi, akahama tena.
Shuka analifua yeye kabla hakujapambazuka,
mama mkwe asije akahesabu madoa.
Tatu.

La kuoga linachukua muda.
Bibi wa Ukara alituma maji ya ziwa kwenye dumu.
Jirani wa juu akatuma majani. Jirani wa ukuta mmoja
alimnyakua mwanawe kutoka kwenye beseni
walimokuwa wakichezea wawili,
akamwaga maji, akasugua beseni kwa majivu,
akasugua na kamba ya kuanikia.
"Hilo liko kwenye swali gani?"
Natafuta. La saba, namwambia, linakaribia:
je, ugonjwa umeharibu michezo yake na wenzake?
Anafikiri.
"Weka hapana. Siku hizi hachezi,
kwa hiyo hakuna kinachoharibika."

Kalamu yangu inabaki hewani.

Mbuke huuza dagaa Kirumba, vipimo anavijua.
Anaijua sado iliyogongwa kitako kikaingia ndani,
ile inayojaa upesi na kumpunja mnunuzi
huku mnunuzi akishukuru.
Ananyoosha mkono, anapapasa karatasi yangu kwa chini,
taratibu, kama anayetafuta
pale palipobonyea.

Mwisho namuuliza kama kuna lolote la kuongeza.
"Juzi alilala saa nne bila kukatika.
Kimya ndicho kilichoniamsha.
Nikamwekea kidole puani.
Nilipohisi pumzi nikakaa kitandani
nikalia hadi majogoo."

Kwa usingizi huo, alama ya swali la pili inashuka.
Nafuta tatu, naandika mbili.
Kwa kile kilio sina kisanduku.
Nageuza karatasi, naanza kuandika upande mweupe,
beseni, majivu, kidole puani,
mwandiko unabanana kuelekea pembeni
na mlangoni wanaita namba inayofuata.

Jumla: ishirini na moja.
Namwelekeza mafuta mazito ya kwenye kopo:
mara mbili kwa siku, mwili ukiwa bado na maji.
Anauliza kopo moja linafika siku ngapi.
Anauliza bei. Anauliza tena bei.

Nje, juu ya bati la jiko la hospitali,
korongo wawili wamesimama na vipara vyao,
kama wazee wa kamati wasiojua ajenda.
Kalunde amekwisha kata uzi kwa meno,
soksi moja iko sakafuni. Ananyoosha kidole.

"Kuna," anasema.

Mkono wa mama yake umeshafika shingoni mwake
kabla hajageuka, kabla hajaona
kwamba mtoto hamwangalii yeye.

"Kuna ndege."